Lami ya Usiku Imepunguza Foleni, Haijapunguza Hatari ya Kibarua

Anayerudi nyumbani baada ya saa nne usiku jijini Nairobi si ajabu akakuta upande mmoja wa barabara umefungwa, taa za jenereta zinamulika, tipa zimejipanga, na watu wenye reki wanakimbizana na lami kabla haijapoa. Kufikia alfajiri barabara inafunguliwa, nyeusi na laini, na matatu za kwanza zinapita juu yake. Mpango huu wa kutia lami usiku umepokewa vizuri, na sababu zake zinaeleweka: kufunga njia moja ya Jogoo Road au Waiyaki Way mchana ni kufunga nusu ya jiji. Lakini kuna sifa moja inayopewa kazi ya usiku isiyoistahili. Inasemwa kwamba ni hatua ya usalama kwa wafanyakazi, eti kwa kuwa magari ni machache. Ninavyoona, kazi ya usiku jinsi inavyofanywa sasa inamwondolea dereva adha ya foleni na kumtwika kibarua hatari, na haitabadilika hadi usalama wa kikosi cha lami upimwe na kulipwa kama kazi nyingine yoyote, kama tunavyopima unene wa lami yenyewe.

Tuanze na kazi, maana wengi huiona kupitia dirisha la gari na hawajui nani anasimama wapi. Lami moto hutoka kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 150 hadi 165 za sentigredi, ikafunikwa turubai na kubebwa na tipa. Ikifika, tipa hurudi nyuma polepole hadi magurudumu yake ya nyuma yaguse peva, yaani mashine ya kutandaza. Kuanzia hapo peva ndiyo inayoisukuma tipa mbele huku bodi ikiinuka na lami ikimwagika ndani ya hopa, yaani sanduku la kupokelea lami lililo mbele ya peva. Kando ya peva kuna wanaoangalia unene kwenye skridi, ile sahani ya chuma inayosawazisha lami, nayo hupashwa moto kwa gesi au umeme ili lami isigande juu yake. Nyuma yao wapo wenye reki na makoleo wanaorekebisha kingo na maungio. Nyuma ya hao inakuja rola ya chuma ya tani kumi hivi, kisha rola ya magurudumu ya mpira. Haya yote yanafanyika ndani ya ukanda wa mita tatu unusu, na upande wa pili wa koni za kuzuia njia magari yanapita.

Katika ukanda huo, adui wa kwanza ni tipa yao wenyewe. Dereva hamwoni mtu aliye nyuma ya bodi, na vioo vya pembeni vinamwonyesha kingo tu. King'ora cha kurudi nyuma hulia usiku kucha, tipa baada ya tipa, mpaka masikio yanakizoea na hakuna anayegeuka. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, ilipochambua vifo vya wafanyakazi wa barabara nchini humo kati ya 1992 na 1998, ilikuta kwamba wafanyakazi waliokuwa kwa miguu ndani ya eneo la kazi waligongwa na mitambo ya ujenzi kwa idadi inayokaribia kulingana na waliogongwa na magari ya wapita njia. Katika visa vingi, mitambo hiyo ilikuwa ikirudi nyuma. Takwimu hizo ni za kwao na ni za miaka iliyopita, lakini tipa haijabadilika umbo tangu hapo. Kwa hiyo hata kama usiku ungeondoa kila gari la mpita njia, ungekuwa umegusa nusu ya tatizo tu. Nusu nyingine imo ndani ya koni, na giza linaizidisha.

Nusu hiyo ya ndani ndiyo rahisi kuidhibiti. Anatakiwa mwelekezaji mmoja tu, si watatu wanaopiga kelele kwa pamoja, na asimame upande wa dereva mahali anapoonekana kwenye kioo. Dereva akimpoteza machoni anasimama papo hapo, hata kama peva inangoja. Hakuna anayepita kati ya tipa na peva kwa sababu yoyote ile, wala kuchukua koleo lililoanguka. Tipa inayofuata haianzi kurudi nyuma hadi ya kwanza iondoke na bodi ishushwe, kwa kuwa tipa inayotembea ikiwa imeinua bodi hufikia nyaya za umeme zinazokatiza barabara. Kabla kazi haijaanza, mtu atembee njia nzima akitazama juu na kuweka alama chini ya kila waya. Anayeendesha rola naye akubaliane na wenye reki kuhusu mstari asiouvuka wakiwa mbele yake. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kifaa kutoka ng'ambo.

Kwa nini basi hayafanyiki? Hapa ndipo usiku wenyewe unapoingia, na jambo hili sijaona likijadiliwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Lami iliyotandazwa inapaswa kushindiliwa ingali moto. Ikishuka chini ya nyuzi 90 hivi, rola inapita juu yake bila kuibana inavyotakiwa. Mchana wa jua, tabaka la milimita 50 humpa fundi muda wa kutosha. Usiku wa baridi na upepo muda huo unafupika, na tabaka la milimita 30, ambalo hutumika sana kufunika barabara kuukuu, hupoa upesi zaidi, kwa sababu lami ikiwa nyembamba kwa nusu, muda wake unapungua kwa zaidi ya nusu. Matokeo yake ni kwamba rola inasogezwa hadi visigino vya wenye reki. Peva nayo haitaki kusimama, maana ikisimama inaacha alama ambayo mhandisi ataikataa, kwa hiyo tipa inaharakishwa. Hakuna aliyekaa akaamua kuvunja kanuni. Lami inayopoa ndiyo inayowabana watu pamoja, na fomeni anayejua kwamba lami ikikataliwa itang'olewa kwa gharama ya kampuni yake ataibana zaidi.

Sasa twende nje ya koni. Ni kweli magari hupungua usiku, lakini yaliyobaki huenda kasi. Foleni ambayo mchana inamkera kila mtu ndiyo inayomlinda kibarua, kwa kuwa gari linalotambaa haliui. Barabarani Kenya hufa zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote. Mfanyakazi wa lami ni mtembea kwa miguu ambaye kazi yake inamtaka asimame katikati ya barabara akiwa ameyapa magari mgongo.

Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kwa kanuni ya mwongozo wa Marekani wa alama za barabarani, kufunga njia ya upana wa mita 3.5 kwa mwendo huo kunahitaji mstari wa koni unaoingia polepole kwa urefu wa mita 175, koni zikiwa umbali wa mita 16 hivi, yaani kama koni 12 kwa mstari huo pekee. Baada yake iwepo nafasi tupu ya kama mita 130 ambamo hakuna mtu, tipa wala rundo la kokoto, ili dereva aliyekosea apate pa kusimama. Ukijumlisha, ni zaidi ya mita 300 kabla ya kumfikia mfanyakazi wa kwanza, na vibao vya onyo vinapaswa kuwa mbele zaidi ya hapo. Kwa mwendo wa kilomita 50, mstari huo ni kama mita 56. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu kipimo kifuate mwendo ambao magari yanakwenda kweli saa saba usiku, si mwendo ulioandikwa kwenye kibao. Kinachoonekana mara nyingi Nairobi ni koni nne, matawi ya miti yaliyotupwa lamini, na kijana mwenye bendera nyekundu isiyoonekana gizani. Tawi la mti Wakenya wote wanalielewa, na kwa gari lililoharibika linafaa. Lakini halirudishi mwanga wa taa, na dereva hulitambua akiwa ameshalifikia.

Kuna pia mwanga wa kazini. Mapendekezo ya kihandisi ya Marekani kwa kutandaza lami usiku ni kiasi cha luksi 108, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu. Taa ya jenereta moja iliyoelekezwa usoni pa madereva haitoi kiasi hicho mahali panapohitajika, na inaongeza hatari kwa kumpofusha anayekuja. Njia ya kupima ni nyepesi: mkuu wa kikosi apite eneo hilo kwa gari kutoka pande zote mbili kabla ya kazi kuanza, na kila taa inayomchoma macho iinamishwe.

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kuipuuza. Usiku hakuna jua la saa saba linaloungana na joto la lami kuuchosha mwili. Barabara inaweza kufungwa kabisa na magari kuelekezwa njia nyingine, jambo lisilowezekana mchana, na barabara iliyofungwa kabisa ni salama kuliko iliyofungwa nusu. Tipa nazo hazikwami kwenye foleni kutoka kiwandani, kwa hiyo lami hufika ikiwa na joto linalofaa. Hoja hizi nazikubali. Ila ya pili, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, inasimama tu pale ambapo barabara imefungwa kabisa. Kufunga njia moja na kuacha nyingine wazi, magari yakipita kwa kasi kwenye giza, ni kuchukua hasara za usiku na kuacha faida yake kubwa. Ikiwa tunafanya kazi usiku, basi tufunge kweli. Mahali pasipo na njia mbadala, afadhali kazi ifanyike Jumapili asubuhi.

Hoja dhaifu ni ile inayosikika zaidi: kwamba vibarua wenyewe hawajali, wanapewa riflekta na helmeti wanazivua. Kwanza, helmeti haimzuii tipa yenye lami tani 20. Riflekta humsaidia dereva anayemtazama mvaaji, na haimsaidii anayerudi nyuma bila kuona. Vifaa vya kuvaa ni kinga ya mwisho, baada ya nafasi, mpangilio na mwanga kushindwa. Kuanzia hapo ni kuanza mwisho. Pili, vifaa vyenyewe mara nyingi havifai kazi hii. Gambuti za mpira zinazotolewa kwa kazi ya mitaro hulainika juu ya lami ya nyuzi 140, na lami ikiingia kwa juu inakwama kwenye ngozi. Kinachotakiwa ni buti la ngozi lenye soli isiyoyeyuka, suruali ikiwa juu ya buti wala si ndani, mikono mirefu, na glavu pana zinazovulika haraka.

Mtu akiungua, watu wema humwumiza zaidi kwa kujaribu kuibandua lami. Isibanduliwe. Sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka, angalau dakika 20, na lami iachwe hadi hospitalini. Ikiwa imezunguka kidole au mkono mzima, daktari aambiwe mara moja, kwa kuwa lami inapopoa hukaza na kuzuia damu. Dakika 20 za maji kutoka bomba la kawaida ni takriban lita 200, yaani pipa moja lenye bomba, liwe karibu na peva, lisiwe lile bauza la rola lililo mita 150 nyuma lenye maji ya mtoni. Kikosi kisicho na pipa hilo hakijajiandaa, hata kila mtu awe na helmeti.

Kuhusu moshi, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika tathmini yake iliyochapishwa 2013, liliweka mivuke ambayo watandazaji lami hukumbana nayo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Si hukumu ya mwisho, lakini inatosha kuchukua tahadhari. Nairobi tahadhari inayojulikana zaidi ni pakiti ya maziwa. Maziwa ni chakula kizuri kwa mtu anayefanya kazi usiku, lakini huenda tumboni, hayafiki mapafuni. Kinachopunguza moshi ni kutoichoma lami kupita kiasi kiwandani, kutumia peva zenye kifaa cha kuvuta mvuke, ambazo watengenezaji wa Marekani walikubali kuzifanya za kawaida kuanzia Julai 1997, na kuacha kuosha makoleo na skridi kwa dizeli. Dizeli inayomwagwa kwenye chuma cha nyuzi 130 hutoa mvuke unaoweza kushika moto, na mita mbili kutoka hapo kuna mitungi ya gesi. Lami nyepesi ya MC-30 inayopuliziwa juu ya tabaka la chini kabla ya lami moto ni hatari zaidi, maana ina mafuta ya taa ndani yake na mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 38. Sigara moja karibu na tanki inatosha.

Inabaki hoja ya pesa. Wakandarasi wadogo husema kwamba wakiweka koni 40, taa na walinzi, watashindwa zabuni na asiyeweka chochote. Wanasema kweli, na ndipo penye kiini cha tatizo. Katika mikataba yetu ya barabara, kupitisha magari kuna bili yake, yaani sehemu yake katika orodha ya kazi na bei, nambari 9, kwa kufuata mpangilio wa masharti ya kawaida ya ujenzi wa barabara na madaraja ya 1986. Mara nyingi huandikwa kwa jumla moja. Jumla moja maana yake ni kwamba anayeweka koni nne na anayeweka 40 wanalipwa sawa, na kila koni ambayo haikununuliwa ni faida. Lami haiandikwi hivyo. Hulipwa kwa ujazo au tani, inachimbwa kwa sampuli, inapimwa unene, na ikipungua malipo yanapungua. Mamlaka za barabara, iwe KURA ya barabara za mijini, KeNHA ya barabara kuu au kaunti, zinaweza kuandika usalama kwa njia hiyohiyo: kiasi fulani kwa kila usiku ambao barabara imefungwa kwa mpango uliokubaliwa, kiasi kwa kila mnara wa taa uliowaka, kiasi kwa kila mwelekezaji aliyepata mafunzo, na sufuri kwa usiku ambao havikuwepo. Koni 30 zenye mikanda ya kuakisi hazifiki bei ya lami inayobebwa na tipa moja. Mkandarasi mwaminifu ataacha kuadhibiwa kwa uaminifu wake.

Hata hivyo malipo peke yake hayatoshi bila ukaguzi kuwekwa mahali sahihi, na mahali hapo si barabarani. Tipa ikishapakiwa upande wa Athi River na kuanza safari ya Westlands, saa ya lami imeanza kuhesabu. Afisa wa usalama atakayefika akakuta koni pungufu atasema nini? Akisimamisha kazi, tipa tano za lami zitagandia njiani. Kila mtu hapo, pamoja naye, anajua kwamba hatasimamisha. Ndiyo maana kibali kinapaswa kutolewa kabla ya kupakia. Mhandisi wa mradi au msaidizi wake afike barabarani, aone mstari wa koni, nafasi tupu, taa, pipa la maji na mwelekezaji, atie sahihi, kisha apige simu kiwandani kwamba tipa ya kwanza ipakiwe. Ikikosekana sahihi, lami haitoki. Hapo hasara ya kuchelewa ni ya saa moja ya vibarua kusubiri, na uamuzi wa kusema hapana unawezekana. Utaratibu kama huo tunao tayari kwa zege, ambapo nondo hukaguliwa kabla ya kumwaga.

Sheria ipo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri hapaswi kumrudisha mahali hapo hadi hatari iondolewe. Kifungu cha 9 kinataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi wa kawaida 20 au zaidi. Vifungu hivyo vinamdhania mfanyakazi anayeweza kusema bila kupoteza riziki. Kibarua wa lami huchukuliwa kwa usiku, langoni, na anayelalamika leo kesho hataitwa. Wengine wameshinda mchana mzima kwenye mjengo mwingine, na alfajiri watatembea hadi mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa sababu nauli ya saa kumi ni ghali. Mtu wa namna hiyo hageuki king'ora kinapolia. Fidia nayo, chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, hufikia mapato ya miezi 96 kwa ulemavu kamili wa kudumu, na mapato ya mtu anayeitwa siku tatu kwa wiki ni madogo hata yakizidishwa mara 96. Kikosi kikiandikwa kwa muda wote wa mradi, kwa majina, kitakuwa na kamati na kitajuana na madereva wa tipa. Mwelekezaji atakuwa yuleyule kila usiku, na hilo la mwisho litaokoa watu wengi kuliko wanaookolewa na helmeti.

Vikundi vya kuziba mashimo havimo katika haya yote, kwa kuwa havina peva wala mpango wa magari. Ni watu watano na pikapu, dakika 20 kwa kila shimo. Pikapu yao kwa kawaida huegeshwa mbele yao, karibu na wanakopakulia lami, na migongo yao inabaki wazi kwa magari yanayokuja. Iegeshwe nyuma yao, mita 30 hivi, taa za tahadhari zikiwaka, breki ya mkono imefungwa na magurudumu ya mbele yamegeuzwa kando ili ikigongwa isiwaelekee. Kutembea mita hizo 30 na toroli la lami ni kazi ya ziada kidogo, na hilo nyapara alijue asubuhi, kabla pikapu haijatoka yadini.